Askofu Edward Steere na Watoto Wasio na Kwao



Jina la Askofu Edward Steere si geni kwa Wakristo wa Kanisa Anglikana katika Tanzania. Wengi wetu tunamjua kama mtu wa vitabu, aliyeweka msingi wa Biblia ya Kiswahili cha Unguja, na kama mjenzi wa Kanisa Kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Lakini iko kazi yake nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kulea watoto wa watu wengine. Tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa upande huo, kwa sababu jambo la watoto wasio na wa kuwalea liko nasi hata leo, Manyoni na Kilimatinde, Itigi na Singida mjini, na katika vijiji vyetu vyote.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, akawa wakili. Hakudumu katika kazi hiyo. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, na mwaka 1858 akawa kasisi. Alihudumia mitaa midogo ya mashambani, na mmoja wa mitaa hiyo ulikuwa Skegness, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza. Huko watu wanyonge walimpenda, maana ingawa alikuwa msomi mkubwa, hakuona haya kukunja mikono ya shati na kufanya kazi pamoja nao.

Rafiki yake William Tozer alipochaguliwa kuwa Askofu wa misioni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, Steere alikubali kumsindikiza. Walisafiri mwaka 1863 kwenda nchi ya mto Shire, karibu na Ziwa Nyasa. Mkewe Steere alibaki Uingereza. Misioni hiyo ilikuwa imepata taabu nyingi. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa amefika mwaka 1861 akakaa mahali paitwapo Magomero. Yeye na wenzake waliwafungua watu waliokuwa wakisukumwa utumwani, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Mackenzie alifariki kwa homa mwezi wa Januari 1862, na wamisionari wengine wakafa pia.

Tozer alipofika aliona kwamba misioni haiwezi kuendelea mahali pale. Aliamua kuondoka, na akaona hana uwezo wa kuwachukua wote waliokuwa wakiitegemea misioni. Basi watoto wale wangeenda wapi? Horace Waller, mmoja wa wamisionari wa zamani, hakukubali kuwaacha. Alijitoa katika misioni, akahangaika kuwapeleka wengi wao mahali pa salama, na Dakta Livingstone naye akawachukua baadhi ya wavulana. Mmoja wa wavulana hao ni Chuma, ambaye miaka kumi baadaye, pamoja na Susi na wenzao, waliuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani.

Hatulisemi hili ili kuwashtaki wazee wale. Tunalisema kwa kuwa linatuonyesha ukweli mmoja. Kumwokoa mtoto ni kazi ya siku moja, lakini kumlea ni kazi ya miaka. Mtu anaweza kumtoa mtoto katika hatari kwa moyo mwema kabisa, na bado mtoto huyo akaachwa njiani kwa sababu hapakuwa na mpango wala watu wa kutosha wa kuuchukua mzigo wake. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Tozer na Steere walifika Unguja tarehe 31 Agosti 1864. Muda mfupi baadaye Sultani Majid alimpa Askofu wavulana watano waliokuwa wamenyang'anywa kutoka katika jahazi la watumwa. Ndio waliokuwa mwanzo wa kazi yote ya misioni katika visiwa. Tufikirie hali ya nyumba ile. Wazungu wawili wasiojua Kiswahili, na watoto watano waliotolewa kwao kwa nguvu, wasiojua watafanywa nini. Wengi wa waliokuwa utumwani walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Si ajabu kama watoto wale walikula chakula cha kwanza kwa hofu.

Mwaka 1865 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Wasp ilikamata jahazi jingine, na misioni ikapewa watoto zaidi, wavulana kwa wasichana. Tangu hapo hesabu iliendelea kuongezeka. Hapana hata mmoja wa watoto hao aliyeomba kuletwa Unguja. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wanyamwezi, na wa makabila mengine ya bara.

Sisi wa Singida tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wa pwani tu. Njia kubwa ya misafara kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilipita kwetu. Wasafiri wa zamani waliiogopa sana nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Tura na Ugogo, kwa ukosefu wa maji. Katika njia hiyo walipita wapagazi wenye pembe za ndovu, na walipita pia watu waliofungwa. Miongoni mwao walikuwako watoto ambao hawakuonana na mama zao tena.

Steere alianza kazi ya ulezi kwa kujifunza lugha. Alikaa na watu wa Unguja, akawasikiliza, akaandika maneno yao na hadithi zao. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili, kimoja cha kufundishia Kiswahili na kimoja cha hadithi za Waswahili. Wala hakuishia kwenye Kiswahili. Alikusanya pia maneno ya Kishambala, ya Kiyao, ya Kimakonde, na ya Kinyamwezi cha Unyanyembe. Kwa njia hiyo lugha walizozaliwa nazo baadhi ya watoto wale ziliandikwa na kuheshimiwa. Mtoto aliyepoteza kila kitu huwa amebakiwa na maneno aliyofundishwa na mama yake. Mlezi anayeyacheka maneno hayo humnyang'anya hata kile kidogo kilichosalia.

Kulikuwa na mashine ya kupiga chapa katika misioni, na Steere aliwafundisha wavulana kupanga herufi na kuchapa. Hivyo watoto waliokuwa wamehesabiwa kama bidhaa walijifunza kazi ya mikono na ya akili kwa pamoja. Tena Steere hakutaka mtoto wa Kiafrika alelewe awe nakala ya Mzungu. Alitaka ajue Kiswahili vizuri, na awe mtu anayeweza kukaa na watu wake na kuwasaidia. Wavulana walipata shule yao Kiungani, kusini ya mji.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, na Machi 1872 alifika tena Unguja. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Aprili, tufani kubwa ilikipiga kisiwa. Minazi na mikarafuu ilianguka kwa wingi sana, na majengo ya misioni yakaharibika. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, akajiuzulu mwaka 1873. Mzigo wote ukamwangukia Steere, naye tarehe 24 Agosti 1874 akawekwa wakfu kuwa Askofu.

Kabla ya hapo, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Uwanja wa soko la Mkunazini ukapatikana kwa misioni. Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa, na siku ya Krismasi 1879 ibada ya kwanza ikafanyika ndani yake. Lakini kufungwa kwa soko hakukumaliza biashara ile mara moja. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na kila yalipokamatwa walionekana watu wazima na watoto wasio na pa kwenda.

Hapa ndipo tunapoona jambo lenye mafundisho makubwa kwetu. Mwaka 1871 misioni ilikuwa imenunua shamba la Mbweni, maili chache kutoka mjini. Hapo palijengwa shule ya wasichana, na kuizunguka pakawa na kijiji cha watu wazima waliotoka utumwani. Walipewa mahali pa kujenga nyumba na pa kulima, wakaoana, wakawa na maisha yao. Mwaka 1877 alikuja Bibi Caroline Thackeray kuiongoza shule ya wasichana. Aliiongoza kwa muda wa miaka 25, na alipostaafu hakurudi kwao. Alibaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1926. Kwa wasichana wa Mbweni alikuwa mtu asiyeondoka. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja huchunguza sana kama atakayemlea atabaki au atakwenda zake.

Mbweni haikuwa peponi. Palikuwa na magomvi, na walikuwako walioshindwa. Hata Kiungani, pamoja na sifa zake, ilikuwa na upungufu. Watoto waliishi wengi katika nyumba moja, wakiongozwa na kengele toka asubuhi mpaka usiku. Hawakumwona baba akirudi kutoka shambani, wala hawakujifunza namna shangazi na mjomba wanavyosuluhisha jambo. Baadhi yao walipotumwa bara kuwa walimu walionekana wageni kati ya watu wa rangi yao wenyewe. Walijua kusoma na kuandika, lakini desturi za kijiji hawakuzijua. Huo ndio upungufu wa kila nyumba kubwa ya watoto, hata ikiwa na vitanda safi na chakula cha kutosha.

Steere aliliona tatizo la watu waliokatwa kutoka kwao. Kwa hiyo mwaka 1876 aliongoza msafara wa wanaume na wanawake waliokuwa wamefunguliwa, waliotaka kurudi upande wa nchi zao karibu na Ziwa Nyasa. Walipita Lindi, wakatembea kwa miguu kuingia bara. Walipofika Masasi, watu wale waliiona nchi kuwa inafanana na kwao, wakapenda kukaa hapo. Steere hakuwalazimisha kuendelea. Alikubali, akawasaidia kuanza kijiji, na hivyo Kanisa la Masasi likapata mwanzo wake. Tukumbuke kwamba mwenye kulea kwa haki humtafutia mtoto njia ya kurudi kwao kama ipo. Na kama haipo, humpa mahali ambapo anaweza kupaita kwao.

Matunda ya kazi hii yalionekana. Wawili wa wale wavulana watano wa kwanza, John Swedi na George Farajallah, walifanywa mashemasi wadogo mwaka 1870. Farajallah hakuishi sana baada ya hapo. John Swedi alipata ushemasi kamili kwa mikono ya Askofu Steere mwaka 1879, akafanya kazi Masasi. Mtoto mwingine aliyetoka utumwani, Cecil Majaliwa, Myao, alilelewa Kiungani. Alimwoa Lucy Magombeani, msichana wa Mbweni, naye pia aliyelelewa na misioni. Baada ya kifo cha Steere, Majaliwa alikwenda Chitangali kuhudumu kati ya Wayao wenzake. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa ukasisi katika kanisa lile la Mkunazini. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misioni hiyo kuwa kasisi, na alipewa daraja hiyo penye uwanja ambapo watoto kama yeye walikuwa wakiuzwa.

Askofu Steere alifariki mjini Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima, ambayo aliifanyia kazi sana, ilitoka mwaka 1891.

Basi, ndugu zetu, habari hii inatuhusu nini? Siku hizi hakuna majahazi ya watumwa. Lakini wako watoto waliofiwa na wazazi, waliotupwa, waliokimbia kupigwa, na ambao wazazi wao ni wagonjwa hata hawawezi kuwatunza. Desturi zetu, Wanyaturu kwa Wagogo, Wanyiramba kwa Wasukuma, zilimpa mtoto wa namna hiyo baba mdogo, mama mkubwa, au bibi. Desturi hiyo ni njema na ingali hai. Lakini tunajua pia kwamba imechoka. Tumeona bibi mmoja akilea wajukuu wengi kwa shamba dogo la uwele, na mvua ikikosekana hana pa kukimbilia.

Tena liko jambo la aibu ambalo hapana budi tuliseme. Wako watoto wanaochukuliwa kwa jina la kulelewa, kisha wanafanywa watumishi. Watoto wa nyumba wanakwenda shule, yeye anachunga. Wanakula mezani, yeye anakula mwisho jikoni. Huo si ulezi. Ni kile kile alichokipinga Steere, ila kimevaa nguo nyingine.

Serikali yetu imeweka utaratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, maana yake familia kumpokea na kumtunza mtoto asiyekuwa wao, chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii. Ndugu wa mtoto hutafutwa kwanza. Wasipopatikana, au wakiwa hawafai, nyumba nyingine hutazamwa kama inafaa, na baadaye Afisa huja kuangalia mtoto anaendeleaje. Wako pia walezi wa kuaminika, walioandaliwa kumpokea mtoto kwa muda mfupi anapokuwa katika hatari. Malezi ya kambo si sawa na kuasili. Katika kuasili, Mahakama Kuu hutoa amri na mtoto huwa kama aliyezaliwa katika nyumba ile. Katika malezi ya kambo mtoto huweza kurudi kwa wazazi au ndugu zake mambo yakitengemaa, na mlezi mwema humwombea na kumsaidia arudi salama.

Wengine watasema kwamba hawana nafasi ya kumchukua mtoto. Ni kweli, si kila nyumba inaweza. Lakini kama vile Mbweni ilivyokuwa kijiji kizima, mtaa mzima una kazi ya kufanya.

Kwanza, tuwajue. Kila kanisa dogo lijue ni nyumba zipi zinalea watoto wasio wao, na jina la kila mtoto lijulikane. Mtoto anayejulikana si rahisi kuteswa kwa siri.

Pili, tumsaidie mlezi. Ada ya shule za serikali imeondolewa, lakini sare, viatu, madaftari na chakula bado vinahitaji fedha. Akina mama wa Umoja wanaweza kushona sare. Vijana wanaweza kumlimia bibi shamba lake siku moja kabla ya mvua. Wakati wa mavuno, debe la mtama au la alizeti kutoka kwa kila nyumba si hasara kubwa, lakini kwake ni mwezi mzima.

Tatu, tumpe mlezi pumziko. Jirani akiwachukua watoto kwa Jumamosi moja, mlezi atapata kwenda hospitali au kulala tu.

Nne, tuseme tunapoona ubaya. Mwenyekiti wa kitongoji, Afisa Ustawi wa Jamii, na kasisi wako. Iko pia simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116. Kumficha jirani anayemtesa mtoto si ujirani mwema.

Tano, wenye nyumba na afya na moyo wa subira wajitokeze. Waende ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya wakaulize, wala wasimchukue mtoto kienyeji tu, maana utaratibu humlinda mtoto na humlinda mlezi pia. Kabla ya kwenda wakubaliane mume na mke, na wawaambie watoto wao. Wajue kwamba mtoto aliyeumizwa huweza kuwa mkaidi, akaiba chakula na kukificha, akakojoa kitandani, akasema uongo. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anajilinda, kama walivyojilinda wale watano wa mwaka 1864.

Mtume Yakobo anatufundisha kwamba dini ya kweli hupimwa kwa jinsi tunavyowaangalia yatima na wajane katika shida zao. Kanisa letu katika nchi hii lilianza na watoto watano wasio na kwao. Tukiwapa mgongo walio kati yetu leo, tutakuwa tumesahau tulikotoka.

Katika ibada ya Jumapili ijayo tunaomba kila mzee wa kanisa aje na majina ya nyumba za walezi katika eneo lake, ili tuanze kusaidiana kabla ya msimu wa kulima.